Wasiwasi ukizidi kipimo: matibabu ya kina ni yapi, na mgonjwa wa Lamu au Malindi aanzie wapi

Mwambie mtu wa Malindi kwamba jirani yake anahitaji matibabu ya kina kwa sababu ya wasiwasi, utaona uso wake ukibadilika. Wengi huwaza Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, ambayo jina lake peke yake limegeuzwa tusi. Wengine huwaza sindano ya kumlaza mtu kutwa. Mawazo hayo mawili yamewafanya watu wengi wajifungie ndani na maradhi yao miaka na miaka, na yote mawili hayagusi kiini cha jambo. Matibabu yaliyothibitika kuusaidia wasiwasi mkali, kwa sehemu kubwa, hayahitaji kitanda cha hospitali wala dawa ya usingizi. Yanahitaji saa nyingi za kazi katika siku zinazofuatana, mtaalamu aliye pembeni ya mgonjwa, na mara nyingi kutoka ofisini kwenda mahali penyewe panapoogopwa.

Nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu maswali matatu huulizwa kana kwamba ni moja. Mgonjwa atalala wapi? Atatibiwa saa ngapi kwa wiki? Na katika saa hizo atafanyishwa nini? Mtu anaweza kulazwa mwezi mzima asipate zaidi ya vidonge asubuhi na jioni. Mwingine analala kwao, anakula chakula cha mamake, na kila siku anafanya saa tano za tiba ngumu. Huyo wa pili ndiye anayetibiwa kwa kina. Swali la tatu, la kazi yenyewe, ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo familia huwa haziulizi.

Wasiwasi upi huo?

Hofu tunayo sote. Mzazi anayemngoja mwanawe arudi kutoka baharini huku Kusi ikivuma ana haki ya kutotulia. Maradhi huanza pale hofu inapobaki baada ya hatari kupita, au inapokuja bila hatari yoyote, ikakaa miezi, ikamnyima mtu kazi, usingizi, masomo, ndoa au ibada. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na kwamba ni takribani mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu yoyote. Kliniki nyingi hutumia fomu fupi ya maswali saba iitwayo GAD-7, yenye alama 0 hadi 21. Kuanzia alama 15 wasiwasi huhesabiwa kuwa mkali, ingawa mimi ningeangalia zaidi mambo ambayo mtu ameacha kuyafanya kuliko namba aliyoandikiwa.

Watu wa Pwani ni nadra kufika kwa daktari wakisema wana wasiwasi. Husema moyo wawaenda mbio, kifua chabana, tumbo lajaa gesi, mikono yafa ganzi. Hupimwa presha, hupimwa malaria, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, na vipimo vikitoka safi huambiwa hawana kitu. Neno hilo huumiza, kwa sababu kitu wanacho. Ndipo safari za waganga zinapoanza.

Kwa kweli vipimo hivyo vina kazi yake, na havifai kurukwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu atetemeke na moyo umkimbie sawasawa na mwenye wasiwasi. Upungufu wa damu, sukari iliyoshuka na mapigo ya moyo yenye hitilafu vinaweza kufanya hivyo pia. Kuna na tunavyojitilia wenyewe: kahawa tungu tangu alfajiri, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, na muguka uliozua mabishano makubwa Pwani mwaka 2024. Kijana anayetafuna muguka mpaka usiku wa manane, hapati usingizi, kisha analalamika moyo wamruka, aulizwe kwanza habari ya mfuko ulio mkononi mwake.

Hayo yakishaondolewa, hubaki sura mbalimbali za maradhi. Wako wanaopatwa na mshtuko wa ghafla: pumzi inakata, mtu ana hakika anakufa, kilele hufika ndani ya dakika chache, kisha mwili hushuka wenyewe. Wako wanaokimbia mikusanyiko na vyombo vya usafiri, na wanaoogopa macho ya watu hadi wanakosa harusi za ndugu zao. Wako wanaorudia udhu tena na tena, wakiona kwamba tone halikufika kiwikoni, mpaka wakati wa adhuhuri unawapita wakiwa bado birikani. Madaktari wa akili wa Marekani waliyatenga maradhi haya ya kurudiarudia katika kundi lake mwaka 2013, lakini tiba yake ni ndugu wa tiba ya hao wengine. Kisha wako walioona mazito: mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, au msitu wa Shakahola mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa na kupelekwa mochari ya Malindi. Jamaa za waliokufa, waliofukua na waliopokea maiti ni watu wa kwetu, na kimya chao kisitudanganye.

Hofu inavyojifunza

Tumtunge mtu mmoja, asiye mbali na watu tunaowajua: fundi wa kuchonga milango, mkazi wa Langoni, Lamu. Siku moja anatoka Mokowe, gati ya upande wa bara, boti imejaa, jua kali, hajala tangu alfajiri. Moyo unamruka. Vidole vinakufa ganzi, anahisi pumzi haipiti, anamshika magoti aliyeketi mbele yake akidhani anakata roho. Boti inafika, anashuka, na baada ya nusu saa ni mzima. Hospitalini moyo wake unakutwa salama.

Safari inayofuata anaiahirisha, na akishaiahirisha anahisi nafuu kubwa. Nafuu hiyo ndiyo inayomponza. Ubongo unaisoma kama ushahidi: hukupanda, umenusurika. Mwezi wa pili haendi gatini tena, mbao zake anamtuma mpwawe. Halafu anaanza kuswali karibu na mlango ili aweze kutoka upesi, halafu anaswali nyumbani. Mwaka ukiisha hatoki bila kusindikizwa, mfukoni ana vidonge viwili vya kutuliza vya diazepamu, mkononi chupa ya maji, na mkewe kutwa anamjibu swali lilelile: "Huna neno, baba watoto, moyo wako mzima." Mkewe anafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kila jibu, kila chupa, kila mpwa aliyetumwa, vinathibitisha kwamba bila hivyo angekufa.

Tiba inayovunja mduara huu huitwa tiba ya fikra na tabia, wataalamu huiandika CBT, na moyo wake ni kuikabili hofu kwa mpango. Kwa kawaida hutolewa saa moja kwa wiki, vikao 12 hadi 16. Kwa wengi hiyo yatosha. Fundi wetu haimtoshi: kwanza hawezi kutoka nyumbani kwenda kikao, pili ushujaa anaoupata Jumatatu unakuwa umeyeyuka ifikapo Jumatatu nyingine, maana siku sita zote katikati anarudia kukimbia.

Kwa kina, kazi ingekwenda hivi. Siku ya kwanza mtaalamu anakaa naye na mkewe, anawaeleza nilivyoeleza hapo juu, kisha anauliza: ukipanda boti unatarajia nini hasa kitokee? "Nitazimia, nitaanguka majini." Una hakika kiasi gani? "Tisa kwa kumi." Maneno hayo yanaandikwa jinsi yalivyo. Mchana ule ule hawaendi popote, wanauchokoza mwili. Fundi anapumua haraka haraka kwa dakika moja mpaka kichwa kinamzunguka. Anapumua kupitia mrija wa soda. Anapanda ngazi za nyumba yake ya ghorofa mbio hadi juu, anashuka, anapanda tena. Ganzi inakuja, kizunguzungu kinakuja, moyo unapiga mlangoni, na kila mara anatarajia kuanguka, na kila mara haanguki. Anafanya mpaka anachoka kuogopa.

Siku ya pili ni gatini. Anasimama ukingoni. Anaingia katika boti iliyofungwa, anakaa katikati palipobanana, si ukingoni. Inafunguliwa, wanavuka hadi Manda, kisiwa cha jirani, wanarudi, wanavuka tena. Chupa imebaki nyumbani, vidonge vimebaki nyumbani. Kitu cha kushangaza kwa anayetazama ni kwamba mtaalamu hamwambii "utakuwa sawa" wala hamhimizi avute pumzi taratibu. Zoezi la pumzi ni zuri kwa mchovu, lakini kwa huyu linaweza kuwa kidonge kingine cha mfukoni. Anamwachia hofu ipande, ikae, ifanye itakavyo, na anamuuliza walipofika: ulisema nini kitatokea, na kimetokea nini?

Siku ya tatu ni Mokowe, mara ya kwanza pamoja, mara ya pili fundi peke yake huku mtaalamu akimngoja gatini. Siku ya nne ni msikitini, safu ya katikati, na sokoni wakati wa msongamano. Kila jioni ana kazi ya nyumbani, na mkewe naye ana yake, ngumu zaidi: kutojibu swali la moyo. Akiulizwa, anasema, "Hilo tulikubaliana nisilijibu," kisha anaendelea na mazungumzo mengine.

Hofu haitakuwa imefika sifuri siku ya nne, na haitarajiwi. Kilichobadilika ni kwamba ameona kwa macho yake moyo ukienda mbio na boti ikafika.

Hapa kuna mpaka ambao familia zinafaa kuujua. Kumsukuma mtu kwenye boti kwa nguvu, au kumdanganya mnaenda Shela kumbe mnaelekea Mokowe, ni ukatili na huzidisha ugonjwa. Kila hatua mgonjwa huijua kabla na huikubali. Vilevile tiba haimfundishi mtu kudharau hatari ya kweli. Jaketi la kuokolea analivaa kama abiria mwingine yeyote mwenye busara, na bahari ikichafuka safari huahirishwa kwa wote. Mtu anayesita kupita barabara ya Garsen hadi Lamu siku ambayo usalama umetetereka hana maradhi, ana akili.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu wagonjwa wa hospitali ya Middlesex, London, waliotawaliwa na kuosha na kurudiarudia. Aliwaweka karibu na walichokiogopa, wauguzi wakawa nao kutwa wakiwazuia wasikimbilie kuosha, hata maji ya bomba chumbani yakafungwa. Walipata nafuu ambayo tiba za wakati ule hazikuwa zimewapa. Mwaka 1989 Msweden Lars-Göran Öst alieleza namna ya kuitibu hofu ya kitu kimoja, kama nyoka au buibui au sindano, katika kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Kisha huko Bergen, Norwe, Gerd Kvale na Bjarne Hansen wakatengeneza tiba ya siku nne kwa maradhi ya kurudiarudia: siku ya kwanza maelezo, mbili za katikati kazi ya kutwa nzima, kila mgonjwa na mtaalamu wake, siku ya nne kupanga maisha yanayofuata. Katika ripoti zao, takribani saba kati ya kumi hubaki bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Wameijaribu pia kwa wenye mishtuko ya ghafla.

Msomaji wa Lamu asidhani haya yote ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliyaeleza maradhi ya hofu na ya mawazo yanayorudia, akayatenga na maradhi ya mwili, na akashauri mtu aizoeze nafsi yake na kile anachokiogopa kidogo kidogo. Ndiyo maana sioni ugomvi kati ya ustadh na daktari. Kwa anayerudia udhu, imamu mwenye elimu ni mshirika mkubwa kuliko wote: ndiye atakayemwambia kwa mamlaka ya dini kwamba shaka baada ya udhu haina hukumu, aswali hivyo hivyo. Amwambie mara moja, basi. Akimwambia kila siku, naye atakuwa amegeuka sehemu ya ugonjwa. Kusomewa na kunywa kombe huwaliwaza watu wengi, na mtu asizuiwe. Ninachokipinga ni yule anayemfunga mgonjwa kamba, anayemshindisha na njaa, au anayemwamuru aache dawa zake ghafla.

Je, kasi inasaidia kweli? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliwalinganisha wagonjwa 40 wa maradhi ya kurudiarudia, nusu wakitibiwa kila siku kwa wiki tatu, nusu mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, wote vikao 15. Wa kila siku walitoka wakiwa mbele kidogo, na baada ya miezi mitatu wakawa sawa. Mwaka 2018, wanajeshi wenye kiwewe walipewa vikao kumi vya tiba ya mwanasaikolojia Edna Foa, ambayo humtaka mtu asimulie tukio lile kwa undani mara nyingi akiwa mahali salama. Waliovimaliza kwa wiki mbili walipona kiasi kilekile cha waliovifanya kwa wiki nane.

Kwa hiyo, mbele ya ushahidi, kina hakimfanyi mtu apone zaidi. Humponyesha upesi. Kwa mtu wa Nairobi mwenye mtaalamu mtaa wa pili, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, anayehitaji boti, kisha basi, kisha pa kulala kwa jamaa, ni kubwa sana. Hawezi kufunga safari ya Mombasa mara kumi na tano. Anaweza kwenda mara moja, akakaa wiki mbili au tatu, akamaliza. Matibabu haya yanaonekana kama anasa ya miji mikubwa, lakini nikiyatazama naona yanawafaa zaidi watu wa visiwani.

Kitanda kinahitajika lini?

Mahali pa matibabu pana ngazi zake. Kuna kliniki ya kawaida. Kuna mpango wa kina ambao mgonjwa huja siku kadhaa kwa wiki, saa tatu tatu. Kuna hospitali ya mchana, unakaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, usiku unalala kwako. Kuna makazi ya tiba ya wiki au miezi. Mwisho kuna wodi.

Wodi ina kazi moja kubwa, usalama. Mtu anayefikiria kujiua, aliyeacha kula na kunywa, anayesikia sauti au kuona vitu visivyokuwapo, au anayeacha pombe au diazepamu aliyoitumia kwa muda mrefu akaanza kutetemeka na kupata degedege, huyo apelekwe hospitali leo, si kesho. Maumivu ya kifua yanayomjia mtu kwa mara ya kwanza, hasa mtu mzima mwenye presha au kisukari, yahesabiwe ya moyo mpaka daktari aseme vingine. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, na ina washauri. Tena familia ziache kuficha jaribio la kujiua kwa kuhofia polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilicholifanya kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba.

Wodi ikishamwokoa mtu, hapo ndipo matibabu yanapoanza. Hii ndiyo sehemu inayonisikitisha zaidi, kwa sababu wengi hurudishwa nyumbani na mfuko wa dawa na familia inadhani kazi imekwisha.

Dawa

Kuna makundi mawili ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni kama fluoksetini, setralini na esitalopramu. Hazileweshi, hazifanyi kazi siku ile ile, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nafuu. Siku za mwanzo zinaweza kuuzidisha wasiwasi kidogo, ndiyo maana watu wengi huziacha wakisema zimewadhuru. Daktari mzuri huanza na dozi ndogo na humwambia mgonjwa mapema. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu mwanzoni, kwa sababu wachache wao hupata mawazo ya kujidhuru. Ukipata nafuu huendelea nazo miezi kadhaa, mara nyingi sita hadi kumi na miwili, kisha hupunguzwa polepole.

Kundi la pili ni la diazepamu, inayojulikana kwa jina la Valium, na alprazolamu. Hizi hutuliza ndani ya muda mfupi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwongozo wa kawaida ni kutozidisha wiki mbili hadi nne. Zaidi ya hapo mwili huzizoea, dozi hupanda, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Zikichanganywa na pombe, heroini au methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha heroini) zinaweza kuzima pumzi, na Malindi tunajua vyema ni vijana wangapi wako katika hatari hiyo. Tena huharibu tiba yenyewe: aliyevuka bahari akiwa amemeza kidonge hujifunza kwamba kidonge ndicho kilichomvusha. Anayezitumia sasa asiache kwa kusoma makala. Amwone daktari zipunguzwe kwa mpango.

Kuna na vifaa vya sumaku vya kuchochea ubongo, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa maradhi ya kurudiarudia. Tiba ya umeme wa kichwani ni ya msongo mzito wa huzuni; mwenye wasiwasi tu hapewi. Hayo ni ya wachache ambao mengine yote yamewashinda.

Hapa kwetu

Pa kuanzia ni Hospitali ya Malindi, au King Fahd kwa watu wa Lamu, au Mpeketoni kwa walio bara. Ukifika usiombe "dawa ya usingizi." Eleza umeacha kufanya nini kwa sababu ya hofu, na uliza kama kuna muuguzi wa afya ya akili au mwanasaikolojia. Wodi ya magonjwa ya akili ambayo watu wa Pwani hutumwa iko Port Reitz, Mombasa, takribani kilomita 120 kutoka Malindi. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazidai kaunti zitoe huduma hizi, na inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na kuyakubali kabla hayajaanza. Kuhusu malipo, uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na mfuko wako utalipa nini.

Watasema hatuna watu wa kuendesha tiba ya kila siku. Mimi naitazama kliniki ya methadoni ya Malindi, iliyopo tangu 2015, ambako watu hufika siku baada ya siku kunywa dozi yao mbele ya mhudumu. Mazoea ya kuja kila siku tayari tunayo, na wahudumu wa kuyasimamia pia tunao. Kinachokosekana ni mafunzo, na mafunzo si lazima yawe ya miaka saba. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao PM+, wa kumfundisha mtu kukabili matatizo yake kwa vikao vitano vya dakika 90, ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi ukiendeshwa na wahudumu wa jamii wasio wataalamu, na akina mama waliopitia ukatili walipata nafuu. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, ambako akina bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa nje ya zahanati. Hiyo si tiba ya kina, na kwa fundi wetu haingetosha, lakini ingemkamata mwezi wa pili kabla hajafungiwa na hofu nyumbani. Simu nayo ina nafasi yake: mtaalamu aliye Mombasa anaweza kuwa sikioni mwa mgonjwa huku mgonjwa akitembea pwani ya Lamu kutoka Mkomani hadi gatini, na matokeo ya tiba ya mbali yenye mtaalamu nyuma yake yamekuwa mazuri kwa mishtuko na kwa hofu ya watu.

Ukipelekwa kwenye kituo chochote kinachojiita cha matibabu ya kina, kiwe cha serikali au cha binafsi, uliza nani atamtibu na kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Uliza ni saa ngapi kwa siku mgonjwa atakuwa anaikabili hofu yake, na ngapi atakuwa amekaa tu kwenye mihadhara na michezo. Vituo vingi vilivyopo Pwani vilijengwa kwa ajili ya walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Vina manufaa yao, ila mwenye mshtuko wa hofu akichanganywa humo miezi mitatu anaweza kutoka akiwa amepumzika tu, kwa sababu humo ndani hakuna boti, hakuna soko wala safu ya katikati. Kituo kikikuahidi uponyaji kamili kwa siku kadhaa, ondoka. Kikikuambia familia isihusishwe, uliza kwa nini.

Kuhusu kurudi nyumbani, kubalianeni mapema kabla mgonjwa hajamaliza. Mpwa hatumwi tena Mokowe, fundi huenda mwenyewe kila wiki hata akiwa hana mbao za kuchukua. Simu ya mtaalamu iwekwe wiki ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, maana hapo ndipo hofu hurudi kujaribu mlango, hasa baada ya msiba, homa au usiku wa kukosa usingizi. Ikirudi, asianze kuahirisha. Apande boti siku hiyo hiyo akiweza, na asipoweza akae katika iliyofungwa gatini kwa nusu saa, kisha kesho yake avuke hadi Manda.